Kila Kibodi Ina A Moja

Stoo ya mama mdogo iko kati ya bafu na chumba ninamolala, na mlango wake haufungi vizuri. Nilipohamia kwake Tottenham, London, baada ya kumaliza chuo na kukosa pa kukaa, nilidhani mbao zimevimba kwa unyevu, kama milango mingi katika fleti hizi za kaunsili, halmashauri ya hapa. Siku moja niliusukuma kwa bega ili ufunge. Ulinirudia, na rundo la nyaya likanimwagikia miguuni. Ndani kulikuwa na kompyuta. Laptop zilizopangwa kama vitabu, kompyuta kubwa za mezani zilizosimamishwa ubavu, vioo vya kompyuta, printa moja yenye ufa, na kibodi zilizofungwa pamoja kwa kamba ya kiatu.

Zilikuwa za baba mdogo, mume wa mama mdogo. Yeye ni fundi wa matengenezo katika jengo la maofisi mjini, na ofisi yoyote inapobadilisha vifaa, vile vya zamani huwekwa kwenye korido kusubiri kutupwa. Baba mdogo huomba. Nia yake ni kuvipeleka nyumbani Tanzania kwenye pipa, yale makubwa ya mizigo yanayosafirishwa kwa meli. Karibu kila nyumba ya Watanzania niliyoingia katika jiji hili ina kona ya namna hiyo: laptop iliyozima, simu yenye kioo kilichopasuka, vyote vinasubiri pipa. Pipa lenyewe likija, mashuka na viatu huingia kwanza, kisha sabuni, kisha nguo za watoto wa fulani, na nafasi inakwisha. Kompyuta hubaki.

"Hayo ni makaburi," mama mdogo aliniambia, akinisaidia kuokota nyaya. "Na mlinzi wake yule pale kwenye kochi."

"Zitaenda," baba mdogo akajibu bila kuondoa macho kwenye mpira. "Pipa lijalo."

"Hilo pipa lijalo ulilisema huyu mtoto hajazaliwa."

Mtoto mwenyewe, binti yao wa miaka saba, alikuwa ameketi chini akichora. Aliinua kichwa, akamwangalia mama yake, akamwangalia baba yake, akaendelea kuchora. Kila kitu alikuwa amekielewa. Ukimwambia kwa Kiswahili afunge mlango kwa sababu ya baridi, anafunga. Ukimwambia uji umepoa, anakuja. Lakini jibu lake ni Kiingereza, siku zote, na hajui hata kama anafanya hivyo.

Jambo hili lilikuwa linaumiza Jumamosi. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tunampigia bibi, aliyewazaa mama mdogo na mama yangu, ambaye anaishi Korogwe. Mjomba ndiye humshikia simu tuweze kumwona. Bibi alikuwa na desturi ya kuanza kwa utani: "Mke mwenzangu yuko wapi?" Mtoto huletwa mbele ya simu. Bibi huuliza kuhusu shule, chakula, baridi. Mtoto husema, "Good." Au, "Yeah." Au husema sentensi ndefu kuhusu jambo lililotokea darasani, kwa kasi, na bibi hutabasamu akimtazama mdomo, kisha humgeukia mama mdogo.

"Kasema nini?"

Mama mdogo hutafsiri. Kila mara tafsiri ilikuwa ndefu kuliko maneno ya mtoto, na yenye upendo zaidi. "Anasema amekukumbuka sana bibi, anataka aje akuone, mchote maji pamoja." Mtoto humgeukia mama yake kwa mshangao, kwa sababu anaelewa, na hakusema hivyo.

Kisha ikaja Jumamosi moja ambayo bibi hakumuulizia. Aliuliza kuhusu mguu wa baba mdogo, aliouumiza kazini. Aliniuliza kama nimepata kazi, nikasema bado, akasema itakuja. Alituambia mvua imechelewa. Tulipofika kwenye kuagana mama mdogo akasema, "Mama, hujaongea na mjukuu wako."

"Mwacheni mtoto," bibi akasema taratibu. "Msimsumbue. Nikimwona tu inatosha."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya, maana hasira hupoa. Mama mdogo aliweka simu mezani, akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Nilimfuata, nikachukua kitambaa nikaanza kukausha.

"Mama yangu atakufa," alisema, "na huyu mtoto atakuwa hajawahi kumwambia neno lake mwenyewe. Unanielewa? Siyo neno langu mimi ninalomtungia. Neno lake."

Mimi ni mtu wa kulala na sentensi za watu. Hiyo nililala nayo. Nilijiuliza kama ni kosa la shule, la mama mdogo anayefanya kazi zamu mbili za kutunza wazee na kurudi akiwa hana nguvu ya kurekebisha mtu lugha, au langu mimi, niliyekuwa nikiongea na mtoto Kiingereza kwa sababu ni rahisi. Nilipoamka nilikuwa nimegawanya kosa hilo vizuri baina yetu sote, na halikuwa limepungua.

Sikuwa na kazi, na nilikuwa nimesomea kompyuta, kwa hiyo stoo ikawa kazi yangu bila mtu kuniajiri. Asubuhi niliandika barua za maombi, nikabadilisha salamu ya mwanzo mara nyingi kuliko inavyofaa, nikazituma, kisha nikaogopa kufungua majibu. Mchana nilikaa sakafuni kwenye korido na bisibisi.

Baba mdogo hakupenda mwanzoni. Nilimwambia sitaki tupeleke nyumbani mashine zilizokufa, kwa sababu kule zitaishia jalalani, na mtu atazichoma nyaya ili apate shaba, na moshi wake ataupumua yeye na watoto wake.

"Kule kuna mafundi," alisema. "Watu wa huku mnadhani kitu kikizima kimekufa."

"Mafundi wapelekewe kinachofufuka, baba mdogo. Hiki hakifufuki."

"Umejaribu?"

Sikuwa nimejaribu. Nikajaribu zote, moja moja. Zilizowaka niliziweka upande wa dirisha. Ambazo hazikuwaka nilizifungua kuona zina nini cha kutoa. Betri iliyovimba, ambayo ingeweza kushika moto, niliiweka kwenye sufuria kuukuu nje barazani, mbali na pazia, nikawa natoka kuitazama kama mtu anayechemsha maziwa, mpaka siku tuliyoipeleka kwenye kituo cha kaunsili cha taka za umeme. Kutoka kwenye laptop tatu zisizofaa nilipata moja nzima: kioo cha ya kwanza, kumbukumbu ya ya pili, mwili wa ya tatu. Ilikuwa na rangi mbili na ilipiga kelele kidogo ikianza, lakini ilikwenda.

Diski, zinazohifadhi mafaili, ndizo zilizonisumbua. Zilikuwa zimetoka maofisini, na nilianza kuwaza ni majina ya nani yako ndani, mishahara ya nani, magonjwa ya nani. Nilimwambia mama mdogo kwa msisitizo kwamba diski zote lazima zifutwe kabla hata moja haijatoka ndani ya nyumba hii. Alitikisa kichwa kukubali. Nilitoka kwenda dukani. Niliporudi zilikuwa zimepangwa kwenye taulo juu ya meza, zinang'aa, zinanukia dawa ya kusafishia.

"Nimezifuta zote," alisema. "Zilikuwa na vumbi hizo, we acha tu. Kitambaa kilikuwa cheusi."

Nilikaa chini kwa kicheko, naye akacheka nilipomweleza. Baba mdogo alituuliza tunacheka nini, na alipoelezwa alicheka kuliko sisi, akasema wiki nzima kwamba mke wake ameajiriwa na idara ya usalama kufuta siri za Waingereza kwa kitambaa cha majimaji. Nilizifuta upya kwa namna nyingine. Mbili zilizogoma kabisa nilizifungua, nikazitoboa, na baba mdogo akachukua sahani zake za ndani, ambazo zinaakisi kama kioo, akaning'iniza moja bafuni ya kunyolea ndevu. Juu yake, dirishani, nilifunga feni ya kompyuta kubwa niliyoiunga na chaja ya router ya zamani ya intaneti, na ukungu mweusi ukutani ukaanza kupungua.

Kibodi niliziacha mwisho kwa sababu hakuna anayezihitaji. Siku moja nilikuwa nang'oa vitufe vya moja ili nione kama naweza kuisafisha, mtoto akarudi shuleni na kukaa mbele yangu bila kuvua koti. Alichukua vitufe akapanga jina lake kwenye zulia. Kisha akapanga la rafiki yake. Akaniomba kibodi nyingine.

Hapo ndipo wazo lilikuja, na kama kawaida nililikagua kwanza kutafuta litakaponiaibisha. Kompyuta ya mezani ina ubavu wa bati, mlango mpana unaofunguliwa kwa skrubu mbili. Niliutoa mmoja, nikaupiga msasa kwenye kona zilizochongoka, mama mdogo akautundika ukutani jikoni. Kila wiki maduka ya piza na ya teksi yanatupia mlangoni matangazo yenye sumaku nyuma, za kubandika kwenye friji. Tulikuwa na droo nzima. Nilizikata vipande vidogo nikavigundisha nyuma ya vitufe. Vikashika kwenye bati vizuri.

"Andika baba," nilimwambia mtoto.

Aliweka B. Akaweka A. Akatafuta B nyingine, hakuna, akaenda kwenye kibodi ya pili. Akatafuta A. Tulipofika kwenye mama, dada na kaka, A za kibodi zote zilikuwa zimekwisha, na kopo tulimoweka vitufe lilikuwa limejaa Q na X ambazo hazitakuja kuhitajika. Mtoto aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini Kiswahili kinataka A nyingi hivyo. Kesho yake ndani ya basi nilikuwa bado naliwaza swali hilo, nikihesabu A katika kila neno lililonijia kichwani, mpaka nikapitiliza kituo.

Kila kibodi duniani ina A moja. Sikuwahi kulifikiri jambo hilo kabla.

Nilikwenda Walthamstow, sokoni, kwa kaka mmoja Mkongo mwenye meza ya kutengeneza simu chini ya mwavuli. Nilikuwa nimewahi kununua chaja kwake, na tulipogundua sote tunazungumza Kiswahili alinipunguzia bei kisha akanicheka lafudhi. Nilimwuliza kama ana kibodi zilizoharibika.

"Iko mingi," alisema. "Unatafuta ya kutumika?"

"Hapana. Nataka A tu."

Aliacha simu aliyokuwa akiifungua. "A?"

"Herufi A. Na I kama zipo."

"Dada, batu banakuyaka hapa banatafuta chaja, banatafuta kioo. Weye unatafuta A." Alimgeukia jirani yake anayeuza soksi, akamweleza kwa Kiingereza, jirani akanitazama kwa huruma. Nilimweleza habari ya mtoto na bibi. Hakucheka tena. Alivuta katoni kutoka chini ya meza, imejaa kibodi zenye chai na mchanga. "Watoto wangu vilevile," alisema. "Mama yangu iko Bukavu, anaongea nabo kwa mikono. Beba yote. Ukibakisha A, unikumbuke."

Niliibeba katoni kwenye treni nikiwa nimeikumbatia, na nikaogopa mtu ataniuliza ni nini. Hakuna aliyeuliza. London watu hawaulizi.

Hata hivyo A ziliisha tena. Mtoto alikuwa amenogewa. Alikuwa akirudi shuleni anaingia jikoni moja kwa moja, anaandika sukari, anaandika taka, anasoma kwa sauti huku mama yake akipika na kujifanya hasikilizi. Jioni moja alikwama kwenye neno maharage. Nilikuwa karibu kumwambia abomoe neno jingine, alipochukua V akaigeuza juu chini, akaibandika, akarudi nyuma kuitazama.

"Haina mstari katikati," nilisema, kwa sababu mimi ndiye mtu wa kusema mambo kama hayo.

Alichukua kalamu ya wino mweusi, akauchora mstari.

Kuanzia hapo V zote zikawa A. Mama mdogo alimsifu mpaka mtoto akaona aibu. Mimi nilifurahi, kisha nikaanza kuwaza Jumamosi. Anaandika, sawa, lakini kwa bibi atasema? Na akikosea mbele ya bibi, na bibi asielewe, si itakuwa ile ile, au mbaya zaidi, maana sasa atakuwa amejaribu? Nilimwambia mama mdogo tungoje wiki chache, nimwandalie sentensi, tuzifanyie mazoezi.

"Mwanangu," alisema mama mdogo, "wewe barua moja unaiandika siku tatu. Mimi na mama yangu hatuna muda huo."

Jumamosi hiyo, baada ya kula wali na maharage, hatukutumia simu. Niliiweka ile laptop ya rangi mbili kwenye meza ya jikoni, kioo kikubwa, ili bibi atuone wote kwa mara moja. Mjomba alipopokea, bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka na khanga yake ya kijani, na nyuma yake kuku walikuwa wakipita. Mama mdogo alimsalimia. Nikamsalimia. Aliniuliza kuhusu kazi. Wakati nikijibu niliona macho yake yamehama, anatazama kitu nyuma yangu. Nikageuka.

Mtoto alikuwa ameandika ukutani mwenyewe, bila kutuuliza, katikati ya bati: BEEBEE.

Nilielewa mara moja kilichotokea. Maneno niliyompa aliyaandika kama nilivyomwonyesha, lakini hili hakuna aliyempa. Alilisikiliza kichwani, akaliandika kama anavyofundishwa shuleni, kwa Kiingereza, kuandika sauti ya I. Nilitaka kusogea nilizibe kwa mgongo. Nilikuwa nimeshaanza kusogea.

Bibi alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, enzi za madarasa ya watu wazima, na mpaka leo anasoma kwa silabi, kwa sauti, kidole kikiwa hewani.

"Be," alisoma. "E. Be. E." Akanyamaza. "Beee, beee. Nani ameniandikia mbuzi?"

Mtoto alikuwa amesimama kando ya bati, kopo la vitufe mkononi. Niliona uso wake ukibadilika, nikajua analia. Kumbe ni kicheko kilichokuwa kinatafuta njia.

"Siyo mbuzi," alisema. "Wewe."

"Mimi mbuzi?"

"Hapana, bibi. Wewe bibi. Siyo mbuzi."

Bibi alicheka mpaka mjomba naye akacheka, na simu ikatikisika tukaona paa, kisha mti, kisha sikio la mjomba. Mama mdogo alikuwa ameushika mdomo kwa mkono wake wote. Hakutafsiri chochote. Hakukuwa na cha kutafsiri.

Simu iliporudi mahali pake bibi alikuwa amekaa wima, amejifunga khanga upya, kama mtu aliyeitwa darasani.

"Mke mwenzangu, njoo hapa nikuone. Ee. Toa hizo E zote. Mimi sina E hata moja. Bi. Bi."

Mtoto alizitoa E, akazirudisha kwenye kopo, akatafuta I mbili. Alizipata. Bibi alisoma tena kwa kidole, akakubali.

"Hapo ndiyo mimi. Haya. Leo umekula nini?"

Mtoto alifungua mdomo. Nilijua neno lililokuwa linakuja, na kwa lugha gani. Aliufunga. Akainama kwenye kopo akaanza kuchakura.

Kwenye laptop tulisikia kuku, na pikipiki ikipita mbali. Mawazo yalinijia yote kwa pamoja: kwamba bibi atachoka, kwamba mtandao utakata, kwamba mjomba mkono unamuuma, kwamba nimwambie mtoto aseme tu, ni neno fupi, analijua, alilisema jana. Nilifungua mdomo. Mama mdogo alinigusa goti chini ya meza.

"Tulia," alisema kwa sauti ya chini.

Bibi hakuwa amechoka. Aliegemea mbele, mikono magotini, akitazama bati. Hakumuuliza mama mdogo kitu. Mtoto aliweka W. Akachakura tena, akatoa kitufe, akakigeuzageuza kwenye mwanga kuona kama ni A au ni V, akakibandika.

"Wa," alisoma bibi, na akangoja.